Maji ya Magotini: Barua kwa Hamad wa Wete

Rahaleo, Unguja
Jumapili jioni

Ndugu yangu Hamad,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Ama baada ya salamu, sisi huku hatujambo, alhamdulillahi, na mzee anakusalimu sana. Barua yako imefika na nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka, mara ya pili nikachukua kalamu.

Umeniuliza swali na umelijibu mwenyewe kabla hujatia nukta. Hao vijana kumi na wanne waliojiandikisha kwako kujifunza ngumi, uwaingize kupigana wiki ya kwanza, au uanze na maelezo? Wewe umeshaamua wapigane. Hoja zako mbili: hakuna aliyejifunza kuogelea akiwa amekaa barazani, na kirumbizi, huo mchezo wa fimbo wa huko kwenu Pemba, kinachezwa tangu enzi za mababu bila ubao wala chaki.

Kuogelea nakukubalia. Lakini baba anayemfunza mwanawe kuogelea humpeleka wapi siku ya kwanza? Hamtupi kwenye mkondo wa Pemba. Humpeleka maji ya magotini: maji ya kweli, yana chumvi, yana wimbi dogo, na mkono wa baba uko karibu. Hilo ndilo jibu langu. Yaliyobaki ni vipimo tu, na ndivyo vilivyoirefusha barua.

Kirumbizi usikitaje kama kitu kisicho na elimu. Fimbo ina mahali pa kupiga na mahali pa kukingia, ngoma na zumari zinashika mwendo, na wazee waliouzunguka uwanja ndio marefa. Kijana akiingia uwanjani ameshatazama wenzake misimu mingapi? Nadharia ipo tele, ila haijaandikwa.

Sasa nikupe haki yako, maana kwa sehemu kubwa uko sahihi. Yapo mambo matatu ambayo hakuna maelezo yatakayomfikishia kijana: umbali, wakati na woga. Chukua wakati. Jicho likiona kitu na mkono ukaitika, hupita kama sehemu ya tano ya sekunde, mara nyingi zaidi kidogo. Ngumi ya mbele iliyonyooka, hiyo jabu, ya bondia hodari hufika kwa muda unaokaribia huo huo. Kwa hiyo anayesubiri aione ngumi ndipo akwepe, ameshapigwa. Anayekwepa huwa ameona kitu kabla ya ngumi: bega limeshuka, mguu wa mbele umesogea nusu hatua, pumzi imekatika. Kusoma dalili hizo hakupatikani kwenye begi la mchanga, kwani begi halishushi bega. Hakupatikani kwenye padi pia, ile mito anayoivaa kocha mikononi ipigwe, kwa sababu kocha anaita namba na kijana anaijua ngumi kabla haijaombwa. Kijana wa miezi sita ya padi tupu anapendeza kumtazama, kisha akutane na mtu anayerudisha, asijue hata asimame wapi. Kasoro haiko mikononi. Macho yake hayajawahi kupewa la kusoma.

Ndiyo maana nasema mpe mwenzake siku ile ile ya kwanza. Ila asimpige.

Kano Jigoro alipoanzisha judo Tokyo mwaka 1882, alikuta mitindo ya zamani imejaa mbinu za kuvunja viungo na kupiga sehemu za hatari. Mbinu kama hizo haziwezi kufanyiwa mazoezi kwa nguvu zote, kwani kila mazoezi yangemwacha mtu mmoja kilema. Basi zilibaki za kuigiza tu: wewe fanya hivi, mimi nitaanguka. Kano alichofanya ni kuziweka hizo kando, zifundishwe kwa mpango maalumu unaoitwa kata, na kubakisha zile ambazo watu wawili wanaweza kushindana kwa dhati kila siku na kurudi nyumbani wazima. Hiyo ndiyo randori. Amepunguza silaha ili aongeze ukweli. Vijana wanaocheza judo hapa Unguja wakieleza, utasikia maneno hayo mawili kila baada ya sentensi mbili.

Sisi wa ngumi tufanye vivyo hivyo: punguza kinachoruhusiwa, usipunguze upinzani. Wiki mbili za mwanzo wagusane mabega. Wawili wamesimama kwa mkao wa ngumi, mikono mitupu viganja wazi, raundi ya dakika mbili, mwenye kumgusa mwenzake bega la mbele anapata pointi. Utashangaa. Kila mmoja anataka kweli kugusa na hataki kweli kuguswa, kwa hiyo umbali, hatua na udanganyifu vinaanza kujifunza vyenyewe, na hakuna aliyeumia. Kosa utakaloliona hapo ni kuvuka miguu wakati wa kurudi nyuma, na kuegemea mbele kwa kiuno badala ya kupiga hatua. Usilirekebishe kwa hotuba. Mwambie tu mguu wa mbele uanze ukienda mbele, wa nyuma uanze ukirudi, kisha warudi kwenye mchezo.

Wiki ya tatu na ya nne wavae glovu, ngumi ni jabu peke yake, na iende kifuani tu. Baadaye A anapiga, B anakinga na kutoka, hana ruhusa ya kurudisha. Dakika mbili, wabadilishane. Kisha B anaruhusiwa kurudisha ngumi moja baada ya kukinga. Uso usifunguliwe kabla ya wiki ya nane, na ukifunguliwa iwe jabu ya kugusa. Ngumi za pembeni na ya kutoka chini, apakati, zije mwisho, kwani ndizo zinazozungusha kichwa. Sparingi, yaani mazoezi ya kupigana wawili, ikiwa ya wazi, ngumi zote, ifikiriwe baada ya miezi mitatu au minne, na si kwa kila mtu.

Hapo ndipo wengi wanapoharibikiwa, na si kwa ubaya. Unawaambia wawili "taratibu, nguvu ya robo", wanaitika, na kabla ya dakika ya pili wanatwangana kama wamekosana shamba. Ukimuuliza kila mmoja atakuapia kuwa mwenzake ndiye aliyeanza. Wote wawili wanasema kweli! Mwaka 2003 watafiti wa London waliwaketisha watu wawili wawili, kila mmoja ambonyeze mwenzake kidole kwa nguvu ile ile aliyobonyezwa yeye. Nguvu ikapanda kila zamu. Sababu yake ni kwamba ubongo huipunguza hisia ya nguvu inayotoka kwako mwenyewe, lakini inayotoka kwa mwengine huihisi kamili. Kwa hiyo anayelipa kwa haki anajikuta amelipa na riba. Uzoefu hauwezi kulifunza jambo hili, kwa sababu uzoefu wenyewe ndio unaodanganya: mkono wako unakuambia umepiga polepole.

Dawa yake ni mtu wa tatu. Kila jozi iwe na mtazamaji mmoja mwenye saa, na neno lake likiwa "shusha", wote wanashusha bila mjadala. Raundi ziwe fupi, dakika mbili badala ya tatu, kwani nguvu hupanda zaidi watu wakichoka na ngumi zikaanza kutupwa badala ya kupigwa. Wasipishane sana uzito. Ukimweka wa kilo 75 na wa kilo 58, yule mzito ndiye awekewe masharti. Na usiwape sparingi ya uso zaidi ya mara moja kwa wiki. Kuna klabu zinajisifu kuwa kwao ni vita kila jioni. Mimi nazihesabu kuwa zinatumia mtaji wa vichwa vya watoto wa watu.

Huo ndio upande wangu wa pili, ndugu yangu, ambao wewe hutaki kuusikia. Uzoefu ni mwalimu mzuri wa vitu vinavyokupa jibu papo hapo. Umesimama karibu mno, umeguswa, umejua. Lakini kuna vitu jibu lake huja baada ya miaka, au huja mara moja tu na halina marudio. Kichwa, mkono na maji. Hivyo mtu havijifunzi kwa kufanya. Huambiwa kabla.

Tuanze na kichwa. Ubongo umo ndani ya fuvu kama kiini ndani ya yai. Ukilitikisa yai, gamba halina ufa lakini kiini kimekwenda. Kofia ya sparingi inazuia michubuko na kupasuka nyusi, haizuii mtikisiko. Ngumi za ridhaa za wanaume wakubwa ziliacha kofia tangu 2013, na katika Olimpiki ya Rio 2016 wanaume walipanda bila kofia. Wewe zivalishe kwa ajili ya ngozi na migongano ya vichwa, lakini mvaaji asijione ameingia ngomeni. Glovu kubwa nayo ni hivyo hivyo: aunsi 16, kama gramu 450, inatandaza pigo na kulinda mkono, lakini kichwa bado kinazunguka.

Kijana akipigwa akawa na macho yasiyotulia, akasahau raundi ni ya ngapi, akayumba, akalalamika kichwa au kichefuchefu, kazi yake imekwisha siku hiyo. Hata akisema yuko sawa. Hasa akisema yuko sawa. Apumzike siku moja hadi mbili, mwendo mwepesi tu na simu apunguze. Kisha apande ngazi: kutembea, kukimbia polepole, kuruka kamba na kupiga kivuli (kupigana na hewa), begi na padi, na kila ngazi isipungue saa 24. Maumivu yakirudi, anashuka ngazi moja. Aliyeangushwa akashindwa kuendelea, hata bila kupoteza fahamu, sheria za ngumi za ridhaa zinampa si chini ya siku 30 bila kupigana, na aliyepoteza fahamu zaidi ya hizo. Wewe zihesabu na za sparingi humo humo. Usiku wa kwanza asilale peke yake, na asipewe aspirini wala ibuprofeni, kwani zinaweza kuzidisha damu kama inavuja ndani. Kutapika mara kwa mara, usingizi asioamshika, mboni moja kubwa kuliko nyengine, degedege, kichwa kinachozidi kuuma: hospitali papo hapo. Gari ya kumpeleka na namba ya dereva viwe vimeandikwa ukutani kabla ya sparingi ya kwanza. Usianze kutafuta gari mtu akiwa chini.

Mkono. Mfupa unaovunjika zaidi ni ule wa chini ya kidole cha mwisho, kwa sababu asiyefunzwa ngumi yake inatua upande huo. Kutua kuwe kwa vifundo viwili vya mwanzo, cha shahada na cha kati, na kifundo cha mkono kinyooke kama kimepigwa msumari. Bandeji ya mita nne na nusu: kitanzi kidoleni gumba, zungusha kifundo cha mkono mara tatu, panda juu ya vifundo vya vidole mara tatu, pita katikati ya vidole ukirudi kila mara kwenye kifundo cha mkono, funga gumba mara moja, malizia kwenye kifundo. Vidole vimepanuliwa wakati wote wa kufunga. Wakifunga wamekunja ngumi, bandeji italegea. Wakikaza mno, vidole vitafa ganzi katika raundi ya kwanza na wataivua yote.

Na begi lako la gunia la mchanga nimelisikia. Mchanga unashuka na kuganda chini, baada ya mwezi nusu ya chini ni jiwe, na vifundo vya mikono vinalipa. Ujaze vitambaa chakavu vilivyokatwa, na usumba mkavu kwa kuwa huko makumbi hayana bei. Ukitaka uzito, tia vifuko vidogo vya mchanga katikati tu, vimezungukwa na nguo pande zote. Kilo 30 hadi 40 zinatosha vijana hao. Usumba ukiwa na unyevu utavunda, basi uanike jua la siku mbili kwanza.

Maji ndiyo yanayodharauliwa kuliko yote, na kaskazi ikivuma bila mawingu ndiyo hatari kuliko ngumi. Mpime kijana kabla na baada ya mazoezi kwa mizani ile ile, nguo zile zile. Wa kilo 60 akishuka hadi 58.8 amepoteza asilimia 2, na hapo miguu na akili vimeshaanza kupungua. Kila kilo iliyopotea irudishiwe kama lita moja na nusu, pole pole. Dafu ni zuri, lina potasiamu tele, lakini chumvi inayotoka na jasho ni sodiamu na dafu lina kidogo. Mpe dafu na muhogo uliotiwa chumvi. Aliyekauka sana, lita moja ya maji safi, vijiko vya chai sita vya sukari na nusu kijiko cha chumvi. Ramadhani mazoezi yawepo, ila sparingi hapana mchana wala karibu na magharibi. Walete baada ya tarawehe wakiwa wamekunywa. Alasiri ya kufunga ni ya hatua na kivuli.

Nimekuwekea mwisho hoja ambayo naona ndiyo nzito, kwa sababu wewe hupenda habari za vita. Wamarekani katika anga ya Vietnam walikuwa na uzoefu wa kweli, wa risasi na makombora, kuliko darasa lolote. Na matokeo yao yalikuwa mabaya: kufikia 1968 jeshi lao la majini lilikuwa linaangusha ndege mbili tatu za adui kwa kila moja yake iliyoangushwa, hesabu waliyoiona aibu. Mwezi Machi 1969 wakafungua skuli ndogo Miramar, California, hiyo inayojulikana kwa jina la Top Gun. Wakarusha ndege zenye tabia kama za adui zipambane na wanafunzi, bila risasi. Wakitua wanaingia chumbani kuchambua kila mzunguko kwenye ubao, nani alimwona nani kwanza, alifanya nini, kwa nini. Mapigano yaliporudi 1972 hesabu yao ikapanda hadi zaidi ya kumi kwa moja. Jeshi la anga, lililopigana vita ile ile na halikuwa na skuli kama hiyo, likabaki karibu na pale pale pa mbili kwa moja. Wote walikuwa na uzoefu. Waliouchambua ndio waliopanda.

Kwako chumba hicho ni kivuli cha mwembe na dakika tano. Baada ya kila raundi tatu wakae, kila jozi ijibu maswali matatu: ulikusudia nini, kilitokea nini, unadhani kwa nini. Anayejibu kwanza ni aliyepigana, kisha mwenzake, kisha mtazamaji, wewe mwisho. Ukianza wewe, hakuna mwengine atakayefikiri. Simu moja irekodi kutoka pembeni, usawa wa kiuno, miguu ionekane. Wanaorekodi hupenda sura na ngumi, na kosa karibu siku zote liko miguuni. Kitu kimoja tu cha kurekebisha kwa raundi inayofuata. Ukimpa vitatu ataingia akiwa anakumbuka, na anayekumbuka hawezi kutazama.

Na uwe na subira na wazee watakaopinga. Ndondi zilipigwa marufuku Zanzibar tangu 1964 na zikaruhusiwa tena 2022. Miaka 58 ni makocha wa vizazi viwili ambao hatukuwapata. Vijana wamejaza pengo hilo kwa vipande vya video za simu, ambavyo vinaonyesha mtu akianguka na havionyeshi raundi saba za hatua ndogo zilizomfikisha hapo. Mzazi anayeuliza kama mwanawe ataharibika kichwa ameuliza swali la haki. Mwonyeshe daftari lako la uzito, la sparingi na la mapumziko, ataelewa kuliko ukimhutubia.

Boksi limo kwenye boti ya Jumatano, litashukia Mkoani, mtume kijana alipokee. Humo mna glovu jozi nne za aunsi 16, bandeji jozi kumi na nne, na kinga za meno kumi na nne za kuchemsha. Kila kinga ni ya mtu mmoja, andika jina kwenye kijaluba chake. Maji yachemke, uyaepue, tumbukiza kwa muda ulioandikwa kwenye pakiti na usiupitishe. Ichovye kidogo maji ya baridi, aingize mdomoni, aume na kufyonza kwa nguvu huku akiisukuma kwa vidole juu ya midomo. Ikikaa sawa, akifungua mdomo haidondoki. Ikidondoka, mchemshie tena, na asisogee karibu na mwenzake mpaka ikae. Glovu ni jozi nne, yaani jozi mbili za vijana kwa wakati mmoja, wanne kati ya kumi na wanne. Hao kumi waliobaki ndio watazamaji wako wenye saa.

Nisalimie mama na watoto, na Maalim Faki mwambie deni lake la karafuu nimelisahau kwa makusudi.

Wasalaam,
nduguyo Makame